Kupandikizwa uboho si kupona: Yanayoamua uhai wa mgonjwa wa lukemia

Majuma machache yaliyopita niliingizwa, bila kuulizwa, katika kundi la WhatsApp la kuchangisha fedha. Mnayajua makundi hayo. Mtoto wa jirani yetu wa zamani, kijana aliyemaliza chuo juzi tu, ameshikwa na lukemia, na familia inataka kumpeleka India. Ujumbe wa kwanza ulisema anahitaji "operesheni ya kubadilishwa uboho ili apone." Chini yake kulikuwa na nambari ya kutuma pesa. Watu wakaanza kutuma. Kisha mzee mmoja akauliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo moyoni tukaona haya kulitamka: "Na akifanyiwa, ataishi?"

Shangazi ya kijana akajibu kwamba daktari amesema asilimia 60. Kundi likanyamaza kidogo. Halafu mwingine akaandika, "Sitini si mbaya, hiyo ni kupita mtihani jamani," na mazungumzo yakarudi kwenye mchango.

Mimi si daktari. Kazi yangu katika ukurasa huu ni maneno. Lakini ujumbe ule mfupi ulisheheni maneno yanayoweza kumpotosha mtu aliye na mgonjwa nyumbani, na nimeona leo tuyafungue moja baada ya jingine, kwa kuwa nyuma ya kila neno kuna jambo linaloamua kama mtu atakuwa hai miaka mitano baadaye.

Tuanze na uboho wenyewe. Ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mfupa, ambayo mlaji wa mbuzi huifyonza kwa kelele bila kujali nani anamtazama. Watanzania katika magazeti na hospitali zao huiita uloto, nasi wa huku tumezoea uboho. Yote mawili ni Kiswahili na hakuna haja ya kugombana. Kwa binadamu, uboho ulio katika mifupa ya nyonga, kidari na uti wa mgongo ndio kiwanda cha damu: seli nyekundu, seli nyeupe na zile chembe za kugandisha damu hutoka humo. Lukemia ni uasi ndani ya kiwanda hicho. Seli changa nyeupe zinakataa kukomaa, zinazaana ovyo na kuzijazia wenzake nafasi, hadi mgonjwa anakosa damu, anatokwa na damu puani na kwenye fizi, na homa ndogo inamlaza kitandani.

Neno "operesheni" ndilo la kwanza kututia makosani. Mpokeaji hapasuliwi popote. Uboho hutundikwa katika mfuko kama dripu, ukapita kwenye mshipa kwa muda wa saa chache, na seli zake zikatafuta zenyewe njia ya kwenda mifupani. Anayechomwa sindano za nyonga akiwa amelazwa usingizi ni mtoaji, na hata yeye siku hizi mara nyingi hudungwa dawa kwa siku nne au tano ili seli mama zimiminike katika damu, kisha zinachujwa kupitia mkono. Baada ya wiki chache uboho wake umejirudisha. Nimesikia watu wazima, wenye digrii, wakikataa kupimwa kwa ajili ya ndugu zao kwa kudhani kwamba watabaki vilema.

Kitenzi tulicho nacho, kupandikiza, kinafaa zaidi kuliko tunavyodhani. Mkulima wa mpunga kule Mwea hutoa miche kitaluni akaihamishia shambani. Hawezi kuipandikiza kwenye magugu. Kwanza shamba hulimwa. Katika lukemia, kulima ni wiki nzima hivi ya dawa kali za kemia, wakati mwingine pamoja na mionzi ya mwili mzima, ili kuua seli za saratani na kuuondoa uboho wa zamani. Siku ya kuingiza seli huitwa siku sifuri. Ni siku tulivu, karibu ya kuchosha. Hatari imo katika yale yaliyotangulia siku hiyo na yale yatakayofuata.

Historia inalionyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1957 daktari Mmarekani E. Donnall Thomas na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa sita waliotiliwa uboho wa watu wengine. Hakuna aliyefikisha siku 100. Wengi katika taaluma waliacha jambo hilo kabisa, wakaliona kuwa ni kuwatesa watu. Thomas hakuacha. Akiwa Seattle, mwaka 1977 yeye na kundi lake walitoa taarifa ya wagonjwa 100 wa lukemia kali waliopata uboho wa ndugu zao. Kati ya hao, 13 walikuwa hai bila ugonjwa, baadhi kwa zaidi ya miaka minne. Utasema 13 ni wachache. Lakini hao 100 walikuwa watu ambao dawa zote nyingine zilikuwa zimeshindwa, watu wa kufa kwa hakika. Ndipo wataalamu wale wakajiuliza: je, tukiwapandikiza mapema, kabla hawajafika hapo? Mwaka 1979 walichapisha matokeo ya wagonjwa 19 waliopandikizwa ugonjwa ukiwa umetulia kwa mara ya kwanza. Zaidi ya nusu walikuwa hai. Uboho ni uleule na madaktari ni walewale. Kilichobadilika ni siku ya kupandikiza. Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ningependa msomaji apakazie macho. Katika sababu zote zinazoamua nani ataishi, hali ya ugonjwa siku ile ya kupandikiza ndiyo mojawapo ya zilizo nzito kabisa. Madaktari husema ugonjwa "umetulia" pale ambapo dawa za kemia zimezifyeka seli mbovu kiasi kwamba darubini haizioni, na damu imerudi kuwa ya kawaida. Kutulia si kupona. Ni moto uliofunikwa na majivu. Anayepandikizwa wakati huo ana nafasi nzuri zaidi; ambaye ugonjwa umemrudia mara moja, ukatulizwa tena, nafasi yake hupungua; na anayepandikizwa seli za saratani zikiwa zimetapakaa damuni, nafasi yake ni finyu mno hata akiwa na mtoaji bora duniani. Siku hizi kuna vipimo vinavyoona masalia ambayo darubini haiyaoni, na inajulikana kuwa wenye masalia hayo hurudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wasio nayo. Aina ya lukemia na kasoro za jeni zilizomo ndani ya seli zake zina uzito pia. Kuna aina zinazotibika kwa dawa za kemia pekee, ambapo kupandikiza mapema ni kujitafutia hatari bure. Kuna nyingine, kama zile zenye kasoro katika jeni inayoitwa TP53, ambazo hurejea hata baada ya kupandikiza.

Mwaka 1998 Alois Gratwohl na wenzake wa Ulaya walichambua kumbukumbu za wagonjwa 3,142 wenye lukemia sugu ya aina ya mieloidi, ile inayokwenda polepole kwa miaka. Walitunga alama za hatari kwa mambo matano tu: umri wa mgonjwa, hatua ya ugonjwa, muda tangu ugonjwa ugunduliwe, mtoaji ni ndugu au mtu baki, na kama mwanamume amepewa uboho wa mwanamke. Wenye alama chache kabisa, zaidi ya asilimia 70 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wenye alama nyingi, ni kama mmoja kwa kila watano. Lukemia hiyo leo wengi huitibu kwa vidonge vya imatinibu vilivyoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2001, na hawahitaji uboho wa mtu. Lakini alama zile za Gratwohl zilikuja kuonekana kuwa zinafaa kwa lukemia nyingine pia.

Tazama tena orodha hiyo: muda tangu ugonjwa ugunduliwe. Zaidi ya miezi 12, unaongezewa alama ya hatari. Sasa rudi kwenye kundi letu la WhatsApp. Harambee ya kwanza, harambee ya pili, pasipoti, viza, barua ya hospitali, kamati iliyogawanyika kuhusu nani atie saini benki. Kwa lukemia kali, utulivu wa kwanza unaweza kudumu miezi michache tu. Kijana anaweza kuanza mchango akiwa katika kundi la wenye nafasi nzuri, na kufika uwanja wa ndege akiwa katika kundi jingine kabisa, bila mtu yeyote kutambua kwamba ile asilimia 60 aliyoisema daktari imekwisha kubadilika njiani.

Neno la pili ni "mechi," kama wanavyosema vijana: amepata mechi, hajapata mechi. Wengi hudhani ni kundi la damu, A, B na O. Sivyo. Makundi ya damu yanaweza kutofautiana na upandikizaji ukaendelea. Mpokeaji wa kundi O aliyepewa uboho wa mtu wa kundi A hatimaye damu yake mwenyewe hugeuka A. Kinachopimwa ni alama nyingine zilizo juu ya seli, zinazoitwa HLA, ambazo Mfaransa Jean Dausset alianza kuzifumbua mwaka 1958. Ndizo kitambulisho ambacho askari wa kinga ya mwili hukagua ili kujua nani mwenyeji na nani mgeni.

Alama hizo hurithiwa kwa mafungu mawili, moja la baba na moja la mama. Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana nawe kikamilifu. Mzazi hulingana nusu. Ndugu wa kambo ni nadra kulingana kikamilifu, jambo linaloumiza katika familia za mitala, ambapo mgonjwa ana ndugu kumi na watatu lakini wa tumbo moja naye ni mmoja. Hesabu hiyo, kwa upande mwingine, inazifaa familia zetu kubwa: mwenye ndugu wanne wa baba na mama, nafasi kwamba angalau mmoja atamfaa ni takriban asilimia 68. Mzungu mwenye dada mmoja hana bahati hiyo.

Bahati yake ipo kwingine. Asiyepata ndugu hutafuta mtu baki katika sajili za kimataifa za watu waliojitolea. Sajili ya kwanza ilianzishwa London mwaka 1974 na Shirley Nolan, aliyekuwa akimtafutia mwanawe Anthony mtoaji. Mtoto huyo, ambaye ugonjwa wake haukuwa lukemia, alifariki mwaka 1979 bila mtoaji kupatikana. Sajili ikabaki na jina lake. Leo kuna mamilioni ya watu katika sajili za dunia. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba Mzungu wa asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya asilimia 75 hivi ya kupata humo mtu wa kulingana naye kikamilifu, ilhali mtu mweusi, awe Mwafrika au Mmarekani wa asili ya Afrika, hakufikisha asilimia 20. Sababu ni mbili, na zinachangamana. Waafrika ndio wenye mseto mkubwa zaidi wa jeni duniani, hivyo kulingana ni kugumu zaidi. Na sisi ndio wachache zaidi katika sajili hizo. Jambo la kwanza ni la maumbile. La pili haliwezi kulaumiwa kwa maumbile.

Mtoaji mwenye umri mdogo ni bora kuliko mzee, hata wakilingana sawasawa kwa HLA. Na mwanamke aliyekwisha kuzaa huwa na kinga iliyowahi kukutana na seli za kiume tumboni, ndiyo maana uboho wake ukiingia kwa mwanamume huweza kuleta ghasia zaidi. Si sababu ya kumkataa dada kama ndiye pekee aliyelingana.

Ghasia zenyewe ni zipi? Katika kupandikiza figo, hofu ni mwili kuikataa figo. Katika uboho mambo hupinduka. Uboho ni kinga, na kinga hiyo ngeni inapoamka ndani ya nyumba isiyo yake, inaweza kumwona mwenyeji kuwa ndiye adui. Humshambulia ngozi ikachubuka, utumbo ukaharisha bila kikomo, ini likageuka manjano. Tuuite ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji. Wa ghafla hujitokeza hasa katika siku 100 za mwanzo. Wa muda mrefu unaweza kumsumbua mtu kwa miaka, macho yakikauka na mapafu yakibana. Umeua wengi.

Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijapata kuona methali ikiivaa sayansi namna hii. Mwaka 1990 Mary Horowitz na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wengi wa lukemia, wakagundua kwamba waliopata ugonjwa huo wa pandikizi ndio ambao lukemia iliwarudia kwa nadra. Na waliopewa uboho wa pacha wao wa kufanana, wasioweza kupata ghasia yoyote kwa sababu ni kama uboho wao wenyewe, ndio ambao lukemia iliwarudia zaidi. Yaani mtoaji aliyefanana nawe kwa kila kitu hakufai kama tulivyotarajia! Askari wageni wanaposhambulia, hawashambulii ngozi na utumbo peke yake. Huzisaka pia seli za lukemia zilizojificha ambazo dawa na mionzi hazikuzifikia. Mwaka huohuo Hans-Jochem Kolb wa Munich alionyesha kwamba mgonjwa aliyerudiwa na lukemia sugu anaweza kuongezewa tu seli nyeupe za mtoaji wake, na ugonjwa ukazimika.

Kwa hiyo kazi ya daktari si kuizima kabisa vita hiyo. Akiizima mno, lukemia hurudi au maambukizi huingia. Akiiachia, mgonjwa anakufa kwa mikono ya mgeni wake. Mwaka 1986 Rainer Storb wa Seattle alionyesha kuwa dawa mbili pamoja, siklosporini na methotreksati, huitawala vita vizuri kuliko moja peke yake, na mchanganyiko huo ulitumika kote duniani kwa miongo kadhaa. Kisha madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, wakaja na jambo ambalo mwanzoni linaonekana kama wazimu: kumpa mgonjwa dawa kali ya siklofosfamidi siku ya tatu na ya nne baada ya uboho kuingia. Dawa hiyo huua hasa wale askari waliokwisha kukasirika na kuanza kuzaana, ikaziacha seli mama salama. Kwa njia hiyo imewezekana kutumia uboho wa mtu aliyelingana nusu: baba, mama, mtoto wa kuzaa. Kwa familia ya Kiafrika isiyo na mtu katika sajili, hili ni badiliko kubwa kuliko jingine lolote nililolitaja. Mwaka 2023 matokeo ya jaribio kubwa nchini Marekani yalionyesha kwamba hata kwa waliolingana vizuri, njia hii ni bora: baada ya mwaka mmoja, takriban asilimia 53 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi na bila ghasia kubwa, dhidi ya 35 waliotumia dawa za zamani.

Yapo pia maambukizi. Kati ya siku uboho wa zamani unapofyekwa na siku mpya unapoanza kuzalisha seli nyeupe, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, mgonjwa hana mlinzi hata mmoja. Ukungu unaopeperuka kwenye vumbi la ujenzi, ambao mimi na wewe tunauvuta kila siku Nairobi bila habari, unaweza kuingia mapafuni mwake na kumuua. Baadaye huamka virusi vilivyokuwa vimelala mwilini, hasa saitomegalo, ambavyo watu wazima wengi mno wa Afrika wanavyo bila kujua. Kifua kikuu nacho kikilala hulala hivyohivyo. Na chanjo zote za utotoni, kinga iliyokuwa imezikumbuka imeondoka. Inabidi mtu mzima achanjwe upya kama mtoto mchanga.

Watu wengi huambiwa wakae karibu na hospitali siku 100. Ukitazama bajeti ya mchango wetu, ilikuwa na tiketi, ada ya hospitali, chakula na malazi. Haikuwa na senti ya dawa za miezi baada ya kurudi, wala vipimo vya kila wiki vya kujua kama dawa ya kutuliza kinga imezidi au imepungua. Mtu husafirishwa kwa mamilioni, kisha akakosa dawa ya mwezi. Sitaki kumlaumu mtu, wachangishaji wenyewe walikuwa wakitembea gizani. Ila ni vyema kamati iulize daktari mapema: akirudi, nani huku atamfuatilia, na kwa kiasi gani?

Kuhusu umri na mwili wenyewe nitapita haraka. Zamani mtu wa miaka 50 hakukubaliwa kabisa. Sasa dawa za kulima shamba zinaweza kupunguzwa makali, kazi kubwa ikaachiwa askari wa mtoaji, na watu wa miaka 70 wanapandikizwa. Kinachotazamwa zaidi ya miaka ni moyo, mapafu, ini, figo na kisukari. Kijana mwenye ini bovu anaweza kuwa katika hatari kuliko mzee anayelima shamba lake. Na yote haya yamekuwa yakiboreka: hospitali ileile ya Seattle ililinganisha wagonjwa wake wa 1993 hadi 1997 na wa 2003 hadi 2007, ikakuta hatari ya kufa imepungua kwa asilimia 41.

Sasa neno lililonisumbua kuliko yote, nalo ni "kupona." Kiswahili kimeliunganisha jambo ambalo daktari analitenganisha. Tunasema amepona malaria, maana ugonjwa umetoka. Tunasema pia abiria wawili walipona katika ajali, maana hawakufa. Mwenye lukemia anaweza kupona kwa maana ya pili miaka mitatu bila kupona kwa maana ya kwanza. Daktari anaposema asilimia 60, anaweza kuwa anasema kuwa hai; au kuwa hai bila ugonjwa; baada ya mwaka mmoja, au miwili, au mitano. Nambari hizo hazilingani hata kidogo. Tena zimetokana na wagonjwa waliotibiwa miaka iliyopita, pengine katika nchi nyingine, wenye mtoaji wa aina nyingine. Si alama ya mtihani. Ni kwamba kati ya watu 100 wanaofanana na kijana huyu kwa mambo tuliyoyataja, 60 walikuwepo siku ya kuhesabiwa na 40 hawakuwepo.

Nambari hiyo pia husogea. Vifo vingi kutokana na tiba yenyewe hutokea katika mwaka wa kwanza, na lukemia ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili. Anayeivuka miwili bila ugonjwa yumo katika hesabu nyingine. Utafiti wa zaidi ya watu 10,000 waliofika hapo, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba takriban asilimia 85 walikuwa hai miaka kumi baada ya kupandikizwa.

Usiku ule niliandika kundini swali moja: ndugu zake wa baba na mama wamepimwa HLA? Nilijibiwa kwamba kaka mmoja alipimwa akakosa, na kwamba hao wengine watatu "wanangoja kwanza pesa zitimie." Nikaeleza, kwa ufupi kuliko nilivyofanya hapa, kwamba kipimo hicho ni cha damu au cha kusugua shavu kwa ndani, na kwamba kinaweza kufanywa kabla ya shilingi ya kwanza kufika India. Yule mzee wa swali la mwanzo akaandika, "Kumbe!" Saa nne usiku dada mmoja, ambaye sikuwa nimemsikia akichangia neno tangu kundi lianze, akauliza ni hospitali gani aende Jumatatu, na kama ni lazima awe hajala.